Pilau ya Kumng'oa Hakimu

Huko Mkwajuni hakimu alichaguliwa kwa foleni: mgombea mwenye watu wengi zaidi waliojipanga nyuma yake ndiye mshindi. Tajiri Mwinchande, aliyechoka kutozwa faini na hakimu Bi Siwatu, aligombea kiti chake. Siku ya uchaguzi akapika pilau uwanjani.

“Leo unarudi kulima, Bi Siwatu,” alisema, upawa mkononi.

“Haya, Bwana. Hata mimi utanipakulia?”

“Tena utakuwa wa kwanza, wote wakuone.”

Bi Siwatu akachukua sahani, akasimama mbele ya sufuria. Mji mzima ukajipanga nyuma yake. Karani wa uchaguzi akapuliza filimbi, akaanza kuhesabu.

“Hao wamefuata pilau,” alifoka Mwinchande.

“Basi waambie watoke.”

Akawaambia. Hakuna aliyekubali kupoteza nafasi yake.

Bi Siwatu akanyoosha sahani. “Nyama usinizidishie, Bwana. Nisije nikaonekana nimehongwa.”