Mrina Asali na Tarehe ya Babu Yake

Yule anayesinzia pale karibu na nguzo mwamsheni kwa upole, wapendwa, maana habari hii ina moto ndani yake.

Palikuwa na mrina asali mmoja aliyejivunia mizinga yake thelathini iliyoning'inia msituni, na tarehe moja. Tarehe ishirini Juni! Siku hiyo, alivyoambiwa, ndipo babu yake alipokuwa akichoma nyasi za chini ya mizinga zikiwa bado na ubichi, ili moto mkubwa wa kiangazi ukipita usikute cha kula. Moto wa babu ulikuwa mpole. Ulitambaa, jioni ukafika kijitoni ukazimika wenyewe, na mzee yuko nyumbani ameshaoga. Mjukuu naye akaifuata tarehe, tena kwa mbwembwe: kila mwaka siku hiyo alivaa kofia ya babu.

Mwaka ninaousema, mvua zilikatika mapema, na joto lilikuwa limepanda mwaka hadi mwaka mpaka kuku wanahema midomo wazi. Tangu Mei nyasi zilikuwa kavu. Siku ilipofika, bwana huyu akatoka na kibiriti, kofia kichwani. Njiani akakutana na jirani yake, bibi mmoja mjane, ambaye nyumba yake ya udongo iliyoezekwa nyasi ilikuwa ng'ambo ya kijito.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, mjukuu wangu. Usiniambie unakwenda kuchoma! Nyasi zinavunjika mkononi kama biskuti.”

“Bibi, leo ni tarehe ishirini. Na moto huu ni wa ukoo, unajua mwisho wake ni pale kijitoni.”

“Kijito kipi? Kile mbuzi wangu wanacholala ndani?”

Akacheka, akawasha, akaenda zake kuoga.

Alikuwa bado na povu kichwani aliposikia mngurumo. Moto wa safari hii haukutambaa, ulikimbia. Akatoka na taulo kiunoni na kofia ya babu juu ya povu, akakuta miti inawaka hadi juu na mizinga inadondoka mmoja baada ya mwingine. Mnadhani alifanya nini? Aliukaripia! “Wewe! Simama! Mwisho wako hapo!” Moto ukaruka kijito bila kulowesha hata unyayo, ukaingia kwenye paa la bibi.

Majirani walipambana nao kwa matawi mabichi mpaka magharibi. Bibi alitoka mzima, kuku kwapani. Nyumba ilibaki kuta, na mzinga haukubaki hata mmoja.

Mrina asali akamwendea bibi akilia kwelikweli. “Nisamehe, bibi. Lakini nimefanya kama babu. Kosa langu liko wapi?”

Bibi akamtazama kwa huruma. “Babu yako nilimfahamu. Kabla ya kuwasha alizunguka siku nzima anashika nyasi, anazinusa, anachungulia maji kijitoni. Mwaka mmoja alichoma Mei. Mwaka mwingine hakuchoma kabisa. Tarehe ishirini ilitokea mara moja tu, baba yako akaiandika ukutani, basi.”

Mnacheka, na mimi nilicheka. Lakini sisi je? Wanadamu tumeijaza hewa moshi, tumefyeka misitu, dunia imepata joto. Kiangazi kimerefuka, nyasi zinakauka mapema, na cheche iliyokuwa ikila nusu eka sasa inamaliza bonde zima. Nasi bado tunasema, “Ndivyo tulivyozoea.” Tunapiga magoti kuomba mvua, tukiinuka tunatafuta kibiriti! Nani kati yetu mwaka huu ameinama akashika nyasi? Hivi Mungu alitupa macho ya kusomea kalenda tu?

Naona uchungu, ndugu zangu, kwa sababu tunajipa moyo kirahisi mno. Tunasema msitu utaota tena. Ni kweli, tukiupa miaka hamsini utaota. Bibi yule ana miaka themanini.