Msonyo wa Mize

Paukwa! Itikieni kwa nguvu, maana palikuwa na mji ambao haukuweza kuitikia. Zimwi lilikuwa limemeza maneno yote ya watu wake. Kisha likaenda kumposa Mize, binti wa msusi wa mikeka, kwani lilijua desturi: mwali akinyamaza, amekubali.

"Mize, utaolewa nami?"

Mize akabinua mdomo.

"Kimya! Mize, utaolewa nami?"

Mize akalitazama juu mpaka chini, kama samaki aliyeoza.

"Kimya tena! Mara ya mwisho, Mize, utaolewa nami?"

Mize akaligeuzia mgongo, akajifunga kibwebwe, akasonya. Msonyo ule, jamani, ulifika sokoni! Mama yake akasonya. Majirani wakasonya. Mji mzima ukasonya.

Zimwi likaachama ili liumeze msonyo, lakini haukuwa neno. Likameza upepo mtupu, likavimba, likapasuka, paa! Maneno yakarudi vinywani mwa wenyewe.

Mize akayainamia mabaki. "Mbona kimya? Ndiyo umekubali?"

Ngano yangu imekomea hapo. Asiyeipenda na asonye, nitamwelewa.