Bi Pelele Atabiri Mieleka ya Bwawani

Hapo zamani za kale, na ninyi mnaosukumana huko nyuma tulieni kwanza maana leo kuna mieleka, wanyama wa Bwawa la Mwasenga walikuwa wakishindana kila mwaka mvua zikiisha. Aliyewaangusha wenzake ndiye aliyekuwa mlinzi wa bwawa kiangazi kizima. Yeye ndiye aliyeamua nani anywe asubuhi, maji yakiwa safi, na nani angoje jioni, maji yakiwa tope.

Miaka mitatu mfululizo alishinda Kiboko. Alijiita Mlima wa Nyama. Na huyo Mlima wa Nyama alikuwa na neno moja tu kwa wanyama wadogo.

"Jioni!"

"Bwana Kiboko, tuna watoto..."

"Jioni!"

"Wengine wanaumwa, bwana..."

"Nimesema jioni! Hayo ni masikio au majani?"

Basi kindi, kicheche, sungura na pelele wakawa wanakunywa tope. Kiangazi kilichopita, Tuku, mtoto mdogo wa Bi Pelele, alikunywa tope hilo akaharisha siku nne. Mama yake alikaa naye mlangoni pa pango lao, juu ya mwamba unaotazama bwawa, akimpangusa midomo kwa jani bichi, asijue kama atapona au la. Alipona. Lakini mama yake hakusahau.

Mnamjua pelele? Ni mnyama mdogo wa miambani, mviringo kama andazi. Hana mkia wala pembe. Ila Bi Pelele alikuwa na macho! Kutwa alikaa juu ya mwamba akiota jua na kuwatazama wakubwa: huyu anatembeaje, yule analalaje, huyu anaogopa nini.

Siku saba kabla ya mieleka, wakiwa wanatafuna majani ya asubuhi, akamwambia mumewe:

"Baba Tuku, mwaka huu naingia mielekani."

Baba Tuku akapaliwa. "Koh! Koh! Kutazama?"

"Kupigana."

"Na nani?"

"Na Kiboko."

Baba Tuku akaweka jani lake chini taratibu. "Mama Tuku, Kiboko akikukalia, sisi tutazika nini? Unyayo wake?"

"Hatanikalia. Lakini kwanza nitakuwa mtabiri."

Akashuka mwambani, tii tii tii, mpaka uwanjani. Huko Korongo, mwamuzi wa mieleka, alikuwa amesimama kwa mguu mmoja akitangaza nani atapambana na nani.

"Pambano la kwanza, Nyati na Ngiri! La pili, Kiboko na Kifaru! Washindi wakutane katika pambano la tatu! Atakayetoka nje ya duara ameshindwa! Atakayelala chali mpaka nihesabu tatu, ameshindwa!"

Bi Pelele akaparamia kisiki. "Na mimi nitawaambia matokeo yake!"

Wanyama wakageuka. "Nani huyo anaongea?" akauliza Kifaru, ambaye macho yake hayakuwa mazuri. "Kisiki?"

"Ni mimi, Bi Pelele. Nimeota ndoto nne kuhusu mieleka hii. Nizitoe, nisizitoe?"

"Zitoe!" wakaitikia kwa kicheko.

"Ya kwanza. Nyati ataangushwa na Ngiri. Kisa ni mguu wake wa nyuma wa kushoto."

"Mimi?" Nyati akafoka. "Nianguke kwa hicho kijitu cha mkia kama fimbo?"

"Ya pili. Kifaru atatoka nje ya duara kwa miguu yake mwenyewe. Ya tatu, Kiboko atapambana na Ngiri, na Ngiri atatimua mbio."

Kiboko akafurahi mpaka tumbo likatikisika. "Mnasikia? Huyu ndiye mtabiri wa kweli! Anayembishia Bi Pelele ananibishia mimi! Haya, na ya nne?"

"Ya nne nitaitoa ya tatu ikishatimia."

Basi wiki ile hapakuwa na mazungumzo mengine. Ukienda kuazima kinu, utasikia mguu wa Nyati. Ukienda kusuka nywele, utasikia mguu wa Nyati. Na Nyati mwenyewe, aliyekuwa akicheka, akaanza kuutazama ule mguu. Akaukanda kwa tope la moto. Akaufunga kwa majani. Mkewe akimuuliza unauma, anajibu, "Hauumi, lakini unataka kuuma."

Siku ikafika. Asubuhi na mapema uwanja ukafurika. Ngoma ikalia, ndu! ndu! ndu!

Nyati akaingia na mguu wake wa kushoto umefungwa majani, ameukunja chini ya tumbo, asije mtu akaugusa. Kwa hiyo akabaki anasimama kwa mitatu. Ngiri akaja mbio, mkia juu, akampiga kikumbo kimoja tu cha bega.

Puu! Nyati chali.

"Moja! Mbili! Tatu!" akahesabu Korongo.

"Loo! Mguu wa kushoto!" umati ukapiga kelele. "Kama alivyosema!"

Kiboko akajipiga kifua. "Si niliwaambia? Yule mama hakosei!"

Likaja pambano la pili. Kifaru naye alikuwa hajalala siku saba kwa kuliwaza lile duara. Ameapa hatatoka nje ng'o. Ngoma ilipolia, badala ya kumtafuta Kiboko, akawa anautafuta mstari. "Mstari uko wapi? Jamani, mstari uko wapi?" Akainamisha pua kuunusa mchangani, akaufuata hatua kwa hatua, na kwa macho yale mabovu akaja kushtukia watu wote wako mbele yake na duara liko nyuma.

"Umetoka," akasema Korongo.

"Sijatoka!"

"Uko kwangu, baba," akasema Sungura aliyekuwa amekaa kwenye jamvi lake. "Na umenikanyagia karanga."

Kiboko alikuwa ameshinda bila kunyanyua hata ukwato. Akacheka hadi machozi. "Bi Pelele! Wewe ni kiboko, hata kuliko mimi!"

La tatu nalo halikuchukua muda. Ngiri alijikaza akaingia. Kiboko akafungua kinywa, aaah! meno yale kama michi. Ngiri akakumbuka alichotabiriwa, akageuka, vuuu! Mkia juu, vumbi nyuma, hakuonekana tena mpaka saa sita.

Korongo akamwinua Kiboko mkono. Kisha, kama desturi ilivyotaka, akauliza umati: "Kuna mwingine anayemtaka bingwa?"

Tangu mieleka ianze, swali hilo halikuwahi kujibiwa. Wanyama walikuwa wameshaanza kukunja majamvi yao.

"Yupo!" ikasikika sauti kutoka kisikini. "Na ndoto yangu ya nne ni hii. Bingwa atatokwa na kitu chekundu mwilini. Kisha ataanguka chali. Atakayemwangusha ni mimi."

Kikazuka kicheko hata samaki wakatoa vichwa kutazama. Baba Tuku tu ndiye hakucheka. Alimkumbatia Tuku, akafumba macho.

Kiboko naye alicheka, lakini kicheko chake kilikatika katikati. Akasema kwa sauti ya chini, "Mama, ndoto hiyo una hakika nayo?"

"Si umesema mwenyewe kwamba sikosei?"

Kiboko akasema, "Ingia basi, tumalize. Jua linapanda."

"Nimalize bila majigambo? Mwamuzi, kanuni inasemaje?"

"Kila mpiganaji ana haki ya kujigamba," akasema Korongo, "na mwenzake asimkatize, wala asitoke nje ya duara. Akitoka, ameshindwa."

Bi Pelele akafunga leso yake kiunoni, akaanza kulizunguka duara polepole.

"Mimi ni binti wa Mwambani! Baba yangu ni Pelele aliyelala juu ya jabali, jabali likasema ahsante! Babu yangu ni Pelele aliyepiga chafya, tai akahama nchi! Nyanya yangu..."

Akamtaja nyanya. Akamtaja mama wa nyanya. Akataja shangazi saba na kila shangazi chakula alichokipenda. Jua likapanda juu ya miti. Akaingia upande wa mumewe. Jua likafika utosini. Mchanga ukawaka.

Kiboko, ambaye maisha yake yote mchana huwa ndani ya maji, alikuwa amesimama pale kama chungu kilichosahauliwa jikoni. Akatazama bwawa. Hatua kumi tu! Lakini akitoka, ameshindwa.

"Bado?" akauliza kwa kuhema.

"Bado mashemeji."

Ndipo Kiboko akahisi kitu kinamtiririka. Akatazama mkono wake. Palikuwa na tone jekundu. Akatazama mkono wa pili. Matone matatu.

"Ni... ni nini hiki?"

"Hata mgongoni!" akapiga kelele Kindi. "Mgongo wote mwekundu!"

"Damu!" Kiboko akalia. "Yalaa! Natoka damu! Ndoto imetimia! Nyati aliambiwa akaanguka! Kifaru aliambiwa akatoka! Na mimi sasa..."

"Na bado sijakugusa," akasema Bi Pelele, akinyoosha kidole chake kimoja kidogo. Akasogea hatua moja. Hatua ya pili.

Kiboko akarudi nyuma, miguu ikapishana, macho yakageuka meupe. Kidole hakijafika.

Tifuuu! Nchi ikatetemeka, korosho zikapukutika mtini. Mlima wa Nyama alikuwa chali, miguu minne juu.

Bi Pelele akapanda juu ya tumbo lile, akakaa, akapanga leso yake vizuri.

"Moja!" akahesabu Korongo. "Mbili! Tatu!"

Wanyama wadogo walipiga vigelegele, wakarushana juu. Baba Tuku akafumbua jicho moja, kisha la pili.

"Nizikeni karibu na maji," akanong'ona Kiboko.

"Inuka ukaoge, bwana," akasema Bi Pelele.

Wakamsukuma mpaka bwawani. Chubwi! Akazama, akaibuka. Akajitazama. Hakuna kidonda, hakuna doa.

"Damu imekwenda wapi?"

"Damu umeisema wewe, mimi nilisema kitu chekundu. Hilo ni jasho lako. Siku moja ulipitiwa na usingizi ukingoni, nikakuona kutoka mwambani umejaa matone, nikakuonea huruma nikidhani unakufa. Ukaingia majini, ukatoka salama, ukala majani kama kawaida. Jasho la kiboko ni jekundu. Hukuwahi kuliona kwa sababu hukai juani."

Nyati akasogea, ameinamisha kichwa. "Na mguu wangu?"

"Uliwahi kukuuma kabla sijautaja?"

Nyati akafikiri. "Hata siku moja."

Akayafungua yale majani, akaukanyagisha mguu chini, akaruka nao mara mbili. Ulikuwa mzima kabisa. Ngiri, aliyekuwa amerudi na vumbi lake, akauliza, "Na mimi nilikuwa nakimbia nini?" Wote wakaangua kicheko.

Kiboko akafungua kinywa kwa hasira. "Mwanamke huyu ametudanganya! Ushindi wake haufai!"

"Ulilala chali?" akauliza Korongo.

"Nililala, lakini..."

"Nilihesabu tatu?"

"Ulihesabu, lakini..."

"Basi."

Kiboko akafunga kinywa. Akatazama chini, akasema polepole, kwa sauti ambayo hakuna aliyewahi kuisikia kwake, "Kwa hiyo mimi sasa ni jioni?"

Wanyama wadogo wakapaza sauti, "Jioni! Jioni! Naye anywe tope!"

Bi Pelele akamtazama mwanawe Tuku, ambaye mbavu zake bado zilionekana. Hasira ya siku zile nne ikampanda. Kisha akasema:

"Hapana. Hakuna atakayekunywa tope. Asubuhi watakunywa watoto kwanza, wa kila mnyama, na wako pia, Bwana Kiboko. Wakishiba, wakubwa wapange mstari. Na wewe kaa ukingoni uwazuie wanaosukumana, maana kwa kuziba njia hakuna anayekuweza."

Kesho yake jua lilipochomoza, Tuku alishuka mwambani na wenzake, akatia mdomo kwenye maji safi, akanywa, akapumua, akanywa tena. Nyuma yake Kiboko alikuwa akinguruma, "Polepole! Mmoja mmoja! Wewe Kifaru, mstari uko huku!"

Nanyi wanangu, funzo lake ni hili: ukimwamini anayekwambia kuwa utaanguka, umekwisha kumfanyia nusu ya kazi yake.