Kanzu ya Mzee Jundubu

Imepokewa kutoka kwa watu wa kheri waliotutangulia, na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi, kwamba palikuwa na fundi wa nguo katika mji wa Baghdadi aliyeitwa Maimuni bin Wahbi, Mola amrehemu. Duka lake lilikuwa mwisho kabisa wa soko la mafundi, karibu na wachuna ngozi, mahali ambapo wenye pua nyepesi hawafiki. Hakuwa tajiri. Lakini katika mji mzima ilijulikana kwamba mtu wa kipato kidogo akitaka nguo ya kupimwa, iliyokatwa kwa mwili wake mwenyewe, basi aende kwa Maimuni.

Baghdadi ya wakati ule ilikuwa na mafundi wengi, na wengi wao walishona kwa ajili ya makarani na wafanyabiashara wakubwa. Masikini walivaa nguo zilizokwisha kuvaliwa na wengine, au zile zilizoshonwa tayari kwa kipimo cha mtu ambaye hayupo. Maimuni aliliona jambo hilo ni zito. Tangu ujana wake alijiwekea ahadi mbele ya Mola wake kwamba atampima hamali kama anavyompima kadhi, na bei yake itakuwa ile anayoiweza hamali. Alidumu na ahadi hiyo miaka ishirini na mbili, mpaka alipojiwa na Jundubu.

Jundubu alikuwa mzee aliyebeba magunia ya nafaka kwa zaidi ya miaka arubaini. Mizigo ilikuwa imemfinyanga. Bega lake la kushoto lilikuwa chini ya lile la kulia kwa upana wa kiganja kizima, na mgongo wake ulikuwa umepinda upande. Alifika dukani baada ya sala ya alasiri, ameshika pande la kitambaa cheupe cha pamba alilopewa na mwenye ghala kwa kazi ya msimu mzima. Alisimama mlangoni kama mtu aliyekwisha kuzoea kuambiwa aondoke.

"Siku tatu nazunguka soko hili," alisema. "Wa kwanza alinitajia bei, nikamshukuru nikaondoka. Wa pili akaniambia ninunue iliyo tayari, kwa kuwa mwili kama wangu unakula kitambaa na unakula muda. Wa tatu hakusema kitu, aliwaita wenzake waje wanione."

"Ingia, ami," akasema Maimuni. "Nguo ni ya nini?"

"Binti yangu Lubna anaolewa Ijumaa ya wiki ijayo. Sina mtoto mwingine. Ni mimi nitakayekaa mbele ya kadhi na mbele ya watu kumwozesha. Maisha yangu yote nimevaa nguo za watu, mwanangu. Siku hiyo moja ningependa kuvaa yangu."

Maimuni akamtajia bei. Mzee aliisikia, akamwomba airudie, kisha akaketi, akaanza kukikunjua kitambaa chake.

Fundi alimpima kwa kamba, akifunga fundo kila mahali palipohitaji fundo. Alipofika mabegani aliiweka kamba ya kwanza kando akachukua ya pili. "Upande wa kulia una kamba yake, na wa kushoto una yake," alisema. "Ni kazi ya siku tatu, lakini itakaa." Jundubu alisimama mikono ameinyoosha, na mwishoni akasema kwamba hakuna mtu aliyewahi kutaka kujua mkono wake una urefu gani.

Siku ya pili yake akaja mfanyabiashara wa hariri ambaye hapo kabla hakuwahi hata kupita upande ule wa soko. Amiri mmoja alikuwa anarejea kutoka safarini, na mfanyabiashara huyo alitaka wanawe mwenyewe, wote saba, wamlaki kwa majoho mapya, siku ya Ijumaa ile ile. Mafundi wakubwa walikuwa wamejaa kazi. Ujira alioutaja tajiri huyo, Maimuni hakuwahi kuupata hata kwa kazi ya mwezi mzima. Fundi akawaza paa la nyumba linalovuja, akawaza kwamba siku ni nane, na akasema moyoni kwamba Mungu akipenda zote mbili zitawezekana. Akakubali.

Hariri ni kitambaa chenye kiburi, hakitaki haraka. Joho la tatu lilifumuliwa na kurudiwa, la tano lilitiwa doa likaanzwa upya. Asubuhi ya Alhamisi ilipofika, kitambaa cha Jundubu kilikuwa bado kimekunjwa juu ya rafu na zile kamba mbili juu yake, na joho moja lilikuwa bado halijamalizika. Hapo nafsi ikamjia Maimuni kwa sauti ya upole. Ikamwambia: mzee huyu hajawahi kuvaa nguo ya kupimwa. Atajua nini? Mkatie kwa kigezo cha mtu wa kawaida, itamsitiri, na bei uliyomtoza ni sadaka tayari. Maimuni akachukua kigezo cha ubao alichokuwa nacho, akakata kitambaa kile cheupe, akakishona kwa asubuhi moja. Zile kamba hakuzigusa.

Jundubu alikuja alasiri, ameoga, ndevu zake amezichana. Akavaa kanzu juu ya nguo yake ya zamani, kisha akaivua akavaa tena vizuri. Kwa nyuma ilipanda, kwa mbele ikaburura upande wa kushoto, na shingo ikambana upande wa kulia kana kwamba mtu amemkamata. Akajaribu kulinyanyua bega lake la kushoto ili lilifikie lile la nguo. Akalinyanyua mara mbili, na mara zote mbili likarudi chini.

"Ndivyo inavyokaa, fundi?" aliuliza.

Dukani alikuwamo mjumbe wa yule mfanyabiashara, ameketi akisubiri joho la mwisho, na walikuwamo pia majirani wawili waliokuja kumpongeza Maimuni kwa kupata mteja mkubwa. Maimuni aliinamisha uso juu ya hariri iliyokuwa mapajani mwake, akajishughulisha kutafuta ncha ya uzi.

Mzee akangoja. Kisha akasema taratibu, kama mtu anayejijibu mwenyewe, "Basi hata kwa kupimwa haikai. Kumbe nguo za watu hazikuwa na kosa siku zote hizo. Kosa ni la mwili wangu."

Maimuni hakuinua uso. Neno moja tu lingetosha. Alilihisi liko kinywani, na hakulitoa. Jundubu akalipa alichokuwa amebakiza, akamwombea fundi baraka katika mikono yake, akaondoka na kanzu amevaa.

Tangu siku hiyo, wanasema wasimulizi, Maimuni hakuipata tena ladha ya sala. Alisimama katika safu akaona mabega ya watu, na kila alipoyaona akasahau yuko katika rakaa ya ngapi. Alijiambia atamwendea mzee wiki ijayo. Wiki ilipofika alijiambia mambo ya harusi yamekwisha, mzee ameshasahau. Hivyo ndivyo haya inavyomchelewesha mja mpaka igeuke kuwa dhambi ya pili.

Mkewe Atika, aliyekuwa mwanamke mcha Mungu na mchache wa maneno, alimwona anavyorudisha chakula. Siku ya ishirini akamuuliza, naye akamweleza yote.

Atika akaisogeza sahani kando. "Kitambaa utakilipa," alisema. "Hilo alilolisema juu ya mwili wake, nalo ukaliacha likae, sijui linalipwaje. Nenda ukamuulize mwenyewe, bwana. Na usiende na zawadi. Nenda kwanza na ulimi wako."

Maimuni akaenda ghalani. Mahamali wenzake Jundubu wakamwambia kwamba mzee haji tena kazini, anaumwa kifua, na wakamwelekeza nyumbani. Alimkuta ameketi kizingitini, amevaa ile nguo yake ya zamani yenye viraka, anachambua dengu. Mzee alipomwona akataka kusimama kwa heshima. Maimuni akamshika mkono, akaketi chini kwenye vumbi mbele yake.

"Ami, nimekuja kukuambia nililoficha," akasema. "Kanzu ile sikuikata kwa kipimo chako. Niliacha kamba zako juu ya rafu nikakata kwa ubao, kwa sababu niliutamani ujira wa tajiri. Mwili wako hauna kosa. Kosa lilikuwa langu, na uliponiuliza nilinyamaza."

Jundubu aliendelea kuchambua dengu. Alitoa jiwe dogo, akalitupa, akatoa jingine.

"Siku ile nilifika nyumbani," alisema hatimaye, "nikajitazama kwenye maji ya pipa. Nikasema, nikikaa hivi mbele ya ukoo wa mkwe wangu, mwanangu ataaibika. Nikampa uwakala ndugu yangu amwozeshe. Mimi nilikaa nyuma ya ukuta wa jirani. Nilisikia khutba ya nikahi yote. Lubna alipotoka, nilisikia anauliza, baba yuko wapi? Wakamwambia naumwa. Akauliza tena."

"Kisha?"

"Kisha wakaondoka. Mumewe ni mtu wa Mervu, huko Khorasani, na msafara ulikuwa unangoja. Shangazi yake, aliyemsindikiza mpaka lango la mji, ameniambia mtoto alilia njiani, alidhani sikuiridhia ndoa yake."

Maimuni akalia, na mzee akamwacha alie. Alipotulia akamwambia, "Nimekusamehe kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, mwanangu, wala kesho mbele Yake sitakudai. Lakini usiniambie kwamba umelipa. Siku ile haishoneki."

Fundi alirudi dukani, akafunga mlango kwa wateja wote siku tatu. Akanunua pamba nyeupe kwa mali yake, akazichukua zile kamba mbili, akaanza. Siku ya nne akampelekea Jundubu kanzu na kumvisha kwa mikono yake. Ikateremka mgongoni bila kupanda, ikatua juu ya bega la kushoto kama lilivyo, na upindo wake ukawa sawa pande zote. Mzee akajitazama kwa muda mrefu. Akaupitisha mkono juu ya bega, akatafuta mkunjo, asiupate.

"Basi mwili huu ulikuwa na kipimo chake," alisema. Maimuni aliona kwamba haikuwa furaha tu iliyokuwa machoni mwake. Ilikuwa pia ile miaka sitini ya kuvaa nguo za watu.

Siku ile ile Maimuni aliandika barua kwa mkono wake kwenda kwa Lubna binti Jundubu. Humo akajitaja kwa jina lake na jina la baba yake, akaeleza alichokifanya bila kukipamba, akaandika kwamba baba yake Lubna aliiridhia ndoa ile kwa moyo wote, na kwamba kilichomweka mbali ni aibu aliyotwishwa na fundi asiye mwaminifu. Akaisoma barua mbele ya Jundubu, kisha akaikabidhi kwa msafara wa Khorasani. Habari zikaenea sokoni, na wako waliomcheka, na wako wateja waliohama. Hakujitetea.

Kila siku baada ya sala ya adhuhuri alikwenda kumjulia hali mzee, na kila siku mzee aliuliza kama msafara umerudi. Baridi ya mwaka ule ilikuwa kali, na kifua cha Jundubu hakikuihimili. Alifariki mwezi wa Rajabu, akiwa na shahada mdomoni. Maimuni ndiye aliyeikata sanda yake, na walioshuhudia wanasema aliupima ule mwili kwa uangalifu mkubwa, kulia na kushoto, ingawa sanda haipimwi hivyo.

Msafara ulirudi mwezi wa Shaabani. Barua ya Lubna ilikuwa fupi, nayo ilielekezwa kwa fundi. Aliandika: "Nakuomba umwambie baba yangu kwamba nilimwona nilipokuwa naondoka. Ukuta wa jirani ni mfupi, na ingawa aliinama, bega lake la kulia lilikuwa limejitokeza juu yake. Nalijua bega hilo, limenibeba. Nilifurahi kwamba yupo, nikalia kwa kuwa hakuja kunibusu. Mwambie sijapata kumwonea haya hata siku moja, na aje na msafara ujao, na nguo yoyote."

Maimuni aliisoma kwa sauti juu ya kaburi la Jundubu, na aliyekuwa amesimama naye ni Atika peke yake.

Aliishi baada ya hapo miaka mingi, akashona kwa haki, na masikini wa Baghdadi walirudi kwake mmoja mmoja. Walipomsifu kwa uaminifu wake alikuwa akisema, "Nilisamehewa, lakini nilichelewa," kisha akarudi kwenye kazi yake.

Ndugu zangu, rehema ya Mola wetu ni pana, na Maimuni hakukata tamaa nayo, nasi tusikate. Lakini haki ya mja mwenzako iko mikononi mwa mja mwenzako, na yeye ana siku yake aliyoandikiwa kufa. Kama liko neno unalodaiwa na mtu, na mtu huyo leo angali anaisikia sauti yako, basi usingoje wiki ijayo. Inuka sasa umwendee. Mwenyezi Mungu amrehemu Jundubu, amrehemu na Maimuni, na atukunjulie ndimi zetu kwa ukweli kabla ya majuto. Amin.