Mwasiti na Mkaa-Chini

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa mji!

Mji wapi?

Mji nyuma ya nyota!

Nani kaufika?

Hadithi kaufika, na sasa imerudi. Sogeeni basi. Mwenye kikohozi akohoe sasa hivi, kwa sababu mbele huko patakuwa na kimya.

Hapo zamani za kale, na msiniulize kama ni kale iliyopita au kale inayokuja, maana mimi nami nilisimuliwa hivyo hivyo, palikuwa na mji uitwao Barafuni. Haukuwa duniani. Ulikuwa juu ya mwezi mdogo mweupe, unaoizunguka sayari kubwa yenye pete. Jua la huko lilikuwa dogo kama punje ya mtama. Watu waliishi chini ya kuba la kioo, na nje ya kuba hapakuwa na hewa, hapakuwa na jani, hapakuwa na mdudu. Palikuwa na barafu, na barafu, na barafu, mpaka macho yachoke.

Mtauliza, waliishije? Waliishi kwa joto. Katikati ya mji palikuwa na shimo refu, lililotobolewa na watu wa kwanza walioshuka na merikebu ya anga. Chini ya barafu palikuwa na bahari nyeusi, na ndani ya bahari alikaa kiumbe. Jina lake hawakulijua, wakamwita Mkaa-Chini. Joto lilikuwa lake. Lilipanda shimoni, likaingia kwenye mabomba, na mabomba yakapita ukutani mwa kila nyumba. Watoto walilala migongo imeliegemea bomba. Akina mama walianika nguo juu yake.

Lakini shimo lilifunikwa kwa mfuniko wa chuma, mfuniko ulikuwa katika uwanja wa Ngome, na Ngome ilikuwa ya Udhamini, baraza la wakubwa wa mji. Udhamini ndio uliotawala. Koki zote za joto zilikuwa mikononi mwao. Ulisema nani apate na nani akose, nani anene na nani anyamaze. Mkuu wao alikuwa Mdhamini Rubeya, mtu wa sauti laini, ambaye hakuwahi kumfokea mtu maana hakuwahi kuhitaji.

Na Udhamini ulisema hivi: "Mkaa-Chini hula watu. Akishikwa na njaa, mtaa utoe mtu. Usipotoa, joto litakatika." Basi mtaa ukitakiwa, ulitoa. Mtu alisindikizwa hadi lango la Ngome, lango likafungwa, na asionekane tena.

Sasa, pembezoni kabisa, mabomba yanakoishia, palikuwa na Mtaa wa Sega. Sheha wake aliitwa Mwasiti. Alikuwa fundi wa kuziba nyufa za kuba, mwanamke wa mabega mapana na maneno machache. Mdogo wake, Riziki, alitolewa zama za sheha aliyetangulia. Walimfanyia matanga bila maiti. Siku watu walipomchagua Mwasiti awe sheha, aliapa moyoni kwamba hatamtoa mtu. Hakumwambia yeyote, kwa sababu hakujua atawezaje.

Siku moja joto likapungua Mtaa wa Sega.

Mwasiti akaenda Ngome. Akamkuta Mdhamini amevaa koti.

"Mheshimiwa, mabomba yetu yamepoa."

"Mkaa-Chini amechoka, Bi Mwasiti. Vumilieni."

Wakavumilia. Joto likapungua tena. Mwasiti akaenda Ngome. Akamkuta Mdhamini amevaa shati.

"Mheshimiwa, maji yanaganda ndani ya ndoo."

"Mkaa-Chini amekasirika, Bi Mwasiti. Vumilieni."

Wakavumilia. Joto likapungua tena, mpaka pumzi za watu zikawa zinatoka nyeupe kama pamba, na mzee mmoja, Mzee Kombo, akafa ameketi, kikombe mkononi. Mwasiti akaenda Ngome. Akamkuta Mdhamini amevaa kikoi tupu, anajipepea kwa upepeo, jasho linamtiririka shingoni.

"Mheshimiwa, tumezika."

"Poleni sana. Mkaa-Chini ana njaa. Leteni mtu."

Mwasiti akautazama upepeo. Akalitazama jasho. Akainamisha kichwa, akaondoka.

Akawakusanya watu wa Sega. Walikuja wamejifunga mablanketi, wengine wamebeba watoto ndani ya nguo.

"Wanataka mtu," akasema.

Kila mtu akatazama chini, kila mtu akaomba lisitajwe jina lake.

"Mtu huyo ni mimi," akasema Mwasiti.

Wakaruka! "Sheha, haiwezekani! Sheha, tutabaki na nani?"

"Sikilizeni. Mimi naenda, lakini siendi langoni. Nitakwenda uwanjani, mchana, mbele ya mitaa yote, nao wafungue mfuniko nikiwa nimesimama pale. Nataka mnione nikiingia. Itaneni. Waiteni hata wa mitaa ya juu."

"Na kama kweli hula watu?" akauliza mama mmoja.

Mwasiti akamjibu kwa ukweli. "Basi atanila. Lakini mtakuwa mmeona."

Wakaja. Jamani, walikuja! Wa Sega, wa Mtaa wa Kati, wa mitaa ya juu, uwanja ukajaa watu hadi ukutani. Jua lile dogo lilikuwa utosini. Mdhamini Rubeya akatoka, koti lake limerudi mwilini, akatabasamu.

"Bi Mwasiti, moyo wako ni mkubwa. Ingia ndani, tukuandae."

"Nimeshajiandaa, Mheshimiwa. Fungua mfuniko."

"Kuna taratibu zake. Ingia ndani kwanza."

"Fungua mfuniko."

"Watu watatishika, Bi Mwasiti. Kuna watoto hapa."

"Watoto hawa wanalala na baridi kwa sababu ya Mkaa-Chini. Wana haki ya kumwona. Fungua mfuniko."

Mwanamume mmoja nyuma akarudia, "Fungua mfuniko." Halafu watu wa mbele. Halafu uwanja mzima, kwa sauti moja: fungua mfuniko! Mdhamini akawatazama walinzi wake; walinzi walikuwa wanautazama mfuniko. Nao walikuwa hawajawahi kuuona ukifunguliwa.

Akainua mkono. Ukafunguliwa.

Mwasiti akafungwa kamba kiunoni, walinzi wakamshusha. Alipotazama juu aliona duara la mwanga, likawa kama sahani, likawa kama kifungo cha shati. Kuta za barafu zilikuwa za kijani, kisha za buluu, kisha nyeusi. Akaimba, ili asikie walau sauti yake:

*Hodi, Mkaa-Chini, hodi,*
*Mimi Mwasiti wa Sega.*
*Kama ni kuliwa, niliwe,*
*Kama ni kusikizwa, nisikizwe.*

Kimya. Akashuka. Akaimba tena. Kimya. Akashuka. Hewa ikawa na joto, joto zuri, kama la mvuke wa chungu cha wali. Akaimba mara ya tatu, na nyayo zake zikagusa ukingo wa barafu kando ya maji meusi.

Akaona taa. Mbali, ndani ya maji, taa nyingi ndogo za dhahabu, safu kwa safu. Akadhani ni mji mwingine, wenye barabara na nyumba zake, umejengwa chini ya bahari. Kisha mji ule ukageuka ubavu.

Zile taa zilikuwa ngozi yake.

Mwasiti alitafuta mwanzo wake, hakuuona. Akatafuta mwisho wake, hakuuona. Taa zilipita mbele yake, na zikapita, na zikapita, kama mto unavyompita anayeutazama, na ndipo likaja jicho. Likasimama. Lilikuwa pana kama nyumba nzima, na ndani yake Mwasiti akajiona, mdogo, na kamba kiunoni. Kila alichopanga kusema kilimtoka. Likamjia neno moja tu, neno alilofundishwa na mama yake kabla hajajua kutembea.

"Shikamoo."

Bahari nzima ikatulia.

"Ma... ra... ha... ba," akasema Mkaa-Chini, na kila silabi ilipita ndani ya barafu kama ngoma. "Neno hilo! Watu wa kwanza waliniamkia kwa neno hilo. Wakaniambia wana baridi, nikawapa joto. Kisha wakafunika juu, na hakuna aliyekuja tena. Wewe nani?"

"Mwasiti, sheha wa Sega."

"Umeleta nini?"

"Nimejileta mwenyewe. Unile."

Taa zote zikafifia kidogo, kama mtu anayekunja uso. "Nikule? Kwa nini?"

"Wanasema una njaa. Wanasema wote waliotolewa uliwala."

"Mimi hula moto ulio chini ya bahari. Watu sijawaona. Hata mmoja."

Mwasiti akashika kifua. "Na joto? Umechoka? Umekasirika?"

"Joto lile lile nililotoa siku ya kwanza, ndilo ninalotoa leo. Sijapunguza. Linatosha nyumba zote na kubaki."

Sasa nisikilizeni vizuri, enyi mliokaa nyuma. Sauti ile haikuishia shimoni. Ilipanda pamoja na joto. Iliingia kwenye mabomba, na mabomba yote ya Barafuni yakaongea. Yaliongea uwanjani, yaliongea majumbani kwa wagonjwa, yaliongea ndani ya Ngome, katika jiko na katika mabwawa ya kuogea. Sijapunguza. Linatosha. Watu sijawaona. Hapana sikio lililokosa.

Chini kule, Mwasiti hakujua hayo. Alichojua ni kwamba kamba ilimwangukia mabegani, mkunjo juu ya mkunjo, yote. Akaishika ncha yake. Ilikuwa imekatwa kwa kisu.

"Wamekukatia kamba," akasema Mkaa-Chini.

"Naona."

"Unaogopa?"

"Naogopa sana."

"Mimi pia niliogopa, walipotoboa dari yangu. Keti."

Ngozi ikapanda chini ya miguu yake, yenye joto, imara kama sakafu. Mwasiti akaketi. Maji yakaanza kupanda ndani ya shimo, na barafu ikanguruma, na mwezi ule mdogo ukatikisika wote. Nyeusi ikawa buluu, buluu ikawa kijani. Kifungo kikawa sahani, sahani ikawa uwanja, na mvuke ukafumuka mpaka kuba zima likawa jeupe. Watu wakaanguka kifudifudi. Mvuke ulipotulia, wakainua macho: shimo lilikuwa limejaa jicho, na kando ya jicho, juu ya ngozi yenye taa, alikuwa ameketi Mwasiti, maji yanamchuruzika, nywele zimesimama.

Mdhamini Rubeya alikuwa palepale alipokuwa amesimama, kisu mkononi, maana wale walinzi walikuwa wamekataa kukishika.

Ndipo lango la Ngome likafunguka kwa ndani. Wakatoka watu. Mmoja, halafu wengine, halafu wengi. Wenye aproni, wenye mafagio, wenye mikono iliyovimba kwa kuosha vyombo vya wakubwa. Wale waliotolewa! Walikuwa wamefungiwa humo miaka yote, wameambiwa wakitoka watu wao wataachwa wafe kwa baridi. Uwanja ukalia. Mtu alimwita mumewe, mtu alimwita babaye.

Mwanamke mmoja mwembamba akaja mpaka ukingoni mwa shimo.

"Dada," akasema. "Eti mlinifanyia matanga?"

Mwasiti akaitikia kwa kichwa.

"Mlipika nini?"

"Maharage," akasema Mwasiti. "Hatukuwa na kingine, Riziki. Maharage tu."

"Na mimi siku hizo napika pilau la watu hawa!" Mwasiti akavuka hadi ukingoni, wakacheka, wakalia, wakashikana mpaka mvuke ukawaficha.

Mkaa-Chini akanena taratibu, asije akavunja kuba. "Mwasiti. Hawa walionisingizia, niwafanyeje? Nikivuta pumzi tu, Ngome itazama."

Watu wakapiga kelele, "Izame! Izame!" Hata Riziki alipaza sauti.

Mwasiti akamtazama Mdhamini, aliyekuwa anatetemeka kama watoto wa Sega walivyotetemeka. Alimchukia. Siwaambii kwamba hakumchukia. Lakini alikumbuka kwamba mji uliotawaliwa kwa hofu ya Mkaa-Chini ungeweza kutawaliwa tena kwa hofu hiyo hiyo, safari hii na yeye Mwasiti.

"Usiwafanye kitu," akasema. "Hawa ni watu wetu. Tutawahukumu sisi. Wewe tuachie joto lako, na utusamehe kwa kutokuja kukuamkia."

Jicho likamtazama kwa muda mrefu. Kisha likafumba, taa zikashuka moja baada ya nyingine, na maji yakarudi chini.

Wakahukumu. Koki zikang'olewa, joto likaenda kila nyumba sawasawa. Udhamini ukavunjwa. Rubeya alipewa nyumba ya mwisho ya Mtaa wa Sega, ile ya marehemu Mzee Kombo, na kazi ya kubeba lami ya kuzibia nyufa. Watu walitaka kumpa Mwasiti kiti cha Ngome. Akakataa, akasema kiti kile kina joto mno. Aliendelea kuwa sheha mpaka watu walipochagua mwingine, akampa nafasi, akaendelea na nyufa zake. Tangu siku ile ya shimoni, sikio lake moja halikusikia tena sauti za watu. Lilibaki na mngurumo wa mbali, wa upole, na ukimwuliza alikuwa anasema haumsumbui hata kidogo.

Na shimo? Halikufunikwa tena. Kila asubuhi mtu mmoja wa Barafuni husimama ukingoni na kusema shikamoo. Husubiri. Na mabomba yote ya mji huitikia.

Hapo ndipo nilipoiachia. Funzo lake ni hili: mtu akikutisha kwa kitu alichokifungia yeye peke yake, mwambie afungue, mchana, mbele ya watu wote. Mliyoyapenda ni ya walionisimulia mimi. Mliyoyatilia shaka nimeyaongeza mwenyewe, maana huko sijafika. Nilipewa nafasi kwenye merikebu, nikasikia habari za ile baridi, nikarudi kuota moto na ninyi.