Sauti Iliyoshuka

Wahenga walinena kwamba nyani haoni kundule, huliona la mwenzake. Binadamu ni hodari wa kuiona kasoro ya jirani, ilhali yake imemkalia mgongoni na hana habari nayo. Verlin Haupt, fundi bomba wa Findlay, Ohio, aliielewa methali hiyo baada ya kuvunja vikundi viwili vya uimbaji.

Verlin alipenda kuimba kuliko kula. Uimbaji wa kwao ni wa wanaume wanne wanaosimama bega kwa bega bila ala yoyote: mmoja huongoza, mmoja huimba juu yake, mmoja hushika besi, na wa nne huziba mapengo. Sauti zikikaa sawa, hewa yenyewe hulia kama kengele. Verlin ndiye aliyeongoza.

Katika kikundi cha kwanza, kengele ilikataa kulia. Verlin akawakodolea wenzake macho kama paka aliyenusa panya, akamshuku Lowell Kesler, mwimbaji wa sauti ya juu.

"Unashusha sauti makusudi, unichafulie jina," alimwambia.

"Anayeshuka ni wewe, bwana," Lowell akajibu.

Wakatupiana maneno, kikundi kikafa. Katika kikundi cha pili lawama zikamwangukia mwenye besi, nacho kikasambaratika kama ukuta wa udongo mvuani.

Kikundi cha tatu kilimpokea kwa hisani ya Dwight, rafiki yake tangu shuleni. Humo kengele ililia, lakini Verlin hakutulia. Kila mwisho wa ubeti ulipokaribia, wenzake walitupiana macho. Akiingia chumbani, mazungumzo hukatika.

"Wananichimbia kaburi hawa," alimwambia mkewe Roberta mezani.

"Si kila mnong'ono unakuhusu, Verlin."

"Wewe huwajui."

"Nakujua wewe. Kula, nyama inapoa."

Jumamosi moja asubuhi, siku isiyo ya mazoezi, alipita karibu na kanisa la Walutheri walikofanyia mazoezi, akayaona magari ya wenzake watatu nje. Damu ikamchemka. Akaingia kwa mlango wa jikoni, akatega sikio ukutani. Dwight alikuwa akiimba sehemu ya Verlin.

"Hapa ndipo anaposhuka," Dwight alisema. "Akishuka, tushuke naye polepole, asihisi."

"Tumwambie tu, jamani," mwingine akasema. "Majaji wa mashindano wana masikio."

"Lowell alimwambia. Mliona yaliyompata. Sikio lake la kushoto limekufa kwa kelele za zile mashine zake za kuzibulia mabomba, na yeye hajui. Mkimnyang'anya kuimba mtakuwa mmemzika. Mimi nitashuka naye."

Verlin alikuja kukamata wasaliti, akakuta watu wanaomsitiri. Akajitokeza.

"Imbeni nami," alisema kwa sauti nzito. "Safari hii msishuke."

Wakaimba. Mwisho wa ubeti akajisikia akizama peke yake, kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo. Dwight alimshika bega, Verlin akautoa mkono ule taratibu, akaenda zake.

Hakwenda nyumbani. Alibisha kwa Lowell. Mlango ukafunguka kidogo, mnyororo ukiwa bado umefungwa.

"Leo umekuja kunishtaki nini?"

"Aliyekuwa akishuka ni mimi, Lowell. Tangu mwanzo."

Lowell alimkazia macho. "Unataka nini?"

"Nisamehe. Na wenzangu wanahitaji mtu wa kuongoza kabla ya mashindano. Sauti yako inaifikia sehemu yangu. Nimekuja kukuomba uende."

Lowell akamtazama kwa muda mrefu akiutafuta mtego, kama vile Verlin alivyoutafuta kwa wengine miaka yote. Hakuuona. Hatimaye akaufungua mnyororo.

Verlin aliketi jikoni kwa Lowell, sikio lake zima likimwelekea mwenyeji, akakiri bila kuulizwa kwamba kasoro aliyoisaka vinywani mwa wenzake ilikuwa yake mwenyewe. Hakika, nyani haoni kundule.