Koo wa Nakundwa

Unyoya wa puani haumtoi koo kiotani. Asubuhi mmemsikia shangazi yenu akiwatupia maneno haya wale wanaomkataza kusimamia zamu za mfereji kwa kuwa ni mwanamke. Mmecheka, kisha mkauliza yalitoka wapi. Kicheko kiishe kwanza. Maneno haya yalizaliwa ndani ya nyumba moja ndogo ya udongo, na mwanzo wake ulikuwa hivi.

Katika kijiji cha Vughoma, kule mlimani, aliishi mwanamke aliyeitwa Nakundwa. Mumewe alifariki wakati wa mvua za vuli, akamwachia nyumba, migomba iliyokuwa nyuma ya nyumba, na koo mmoja mweusi mwenye madoa meupe shingoni. Koo ni kuku jike aliyekwisha kutaga na kutotoa. Si mgeni wa kazi hiyo. Watoto hawakujaliwa kupata. Kwa sababu hiyo Semvua, kaka mkubwa wa marehemu, aliiona nyumba ile kuwa yake tangu siku ya maziko. Hakusema kwa ukali. Alisema kwa upole, kama mtu anayemtafutia mwenzake faraja.

"Shemeji, utakaa peke yako mpaka lini? Mwaka wa msiba ukiisha tutaibomoa nyumba hii, nawe utahamia chumba cha nyuma kwa mama. Hapa nitapanda kahawa."

"Na mimi nitapanda nini?" Nakundwa alimuuliza.

"Wewe utapumzika."

Nakundwa alikuwa na umri wa miaka thelathini na miwili. Hakuwa amechoka.

Watu wa Vughoma walikuwa na desturi moja ambayo hakuna ukoo uliothubutu kuivunja. Nyumba ambayo ndani yake kuku anaatamia haikubomolewa, wala moto wake haukuzimwa, mpaka vifaranga waachane na mama yao. Walisema kwamba anayevunja kiota cha mama mmoja amevunja vya mama wote. Ndiyo maana, ilipobaki wiki mbili mwaka wa msiba utimie, Nakundwa alipomkuta koo wake amejikunyata kikapuni nyuma ya mtungi, manyoya yamemtimka, sauti imegeuka kuwa ya kukoroma, alipiga magoti mbele yake akacheka kwa mara ya kwanza tangu afiwe. Akamwekea mayai tisa.

Semvua alipoiona hali ile hakucheka. Alikuja na ndoo.

"Kuku huyu amekuwa mvivu, shemeji. Mama anataka mayai, naye amelala tu. Nitakusaidia kumwondolea hamu ya kuatamia."

"Sikuomba msaada."

"Msaada wa ndugu hauombwi."

Akamchovya koo katika maji baridi ya mfereji mpaka tumboni, mara tatu, maana joto la tumbo ndilo linalomshikilia kuku kiotani. Akamwacha uani akitetemeka, akayachukua mayai yote. Koo alijikung'uta, akajianika, na kabla jua halijazama alikuwa amerudi kikapuni akilalia nyasi tupu. Nakundwa alikwenda kwa jirani yake, Bi Nanzia, kuomba mayai saba.

"Chukua hata kumi," alisema Bi Nanzia. "Na yule akija tena na ndoo, mmwagie yeye. Huenda ndiye mwenye joto."

Siku ya tatu Semvua alimfunga koo kamba mguuni, akamsimika peupe penye kigingi, pasipo nyasi wala kivuli. Nakundwa aliyaviringisha mayai katika kanga yake na kuyaweka karibu na mafiga ili yasipoe. Kisha akatoka, akamfungua koo mbele ya macho ya shemeji yake.

"Funga tena," alimwambia, "nami nitafungua tena. Tuone ni mikono ya nani itakayochoka."

Semvua alifunga mara nne. Nakundwa alifungua mara nne.

Siku ya nane Semvua alileta dawa ya mwisho, ile inayotumiwa kwa koo sugu. Alichomoa unyoya mrefu kutoka katika bawa la koo mwenyewe, akaupenyeza katika matundu ya pua, ukatokeza huku na huku kama masharubu. Kuku aliyefanyiwa hivyo, kila akiinamisha kichwa unyoya hunasa katika nyasi za kiota, akaudhika, akaenda zake nje, na baada ya siku chache husahau kuatamia. Semvua alipoondoka, Nakundwa alinyoosha mkono ili auchomoe. Koo akamdonoa. Akaingia kikapuni mwenyewe, akayafunika mayai, akalala kichwa kikiwa juu.

Nakundwa alikaa chini akamtazama muda mrefu. Tangu msiba, kila mtu alikuwa akimwambia namna ya kuinama.

"Basi usiinamishe," alimwambia. "Hata mimi sitainamisha."

Mwaka ulipotimia, wazee wa ukoo walifika wakiongozwa na Mzee Mrindoko. Vijana wa Semvua walisimama uani na mashoka. Nakundwa aliwakaribisha wazee ndani, akawaonyesha kikapu, akasimama kando yake.

"Wazee wangu, msidanganyike," alisema Semvua. "Hapa hakuna kuku anayeatamia. Huyu anataga tu, na kuku akitaga hukaa kiotani pia. Mwanamke huyu amekusanya mayai ya majirani akayarundika chini yake ili atuzuie."

Mzee Mrindoko alichuchumaa, akamtazama koo kwa karibu. Koo alimkoromea.

"Unyoya huu kaupitisha nani?"

Akamgeukia mwenye nyumba.

"Nakundwa, mwanangu, ni wewe?"

"Muulize shemeji yangu, baba."

Semvua alikohoa. "Ni mimi, mzee. Nilikuwa namtibu."

"Unamtibu nini?"

Semvua aligeuka akawatazama vijana wake kule uani. Bi Nanzia, aliyekuwa amesimama mlangoni, hakuweza kujizuia.

"Sema, baba! Ulimtibu mafua?"

Hata wenye mashoka walicheka. Mzee Mrindoko hakucheka. Aliinuka polepole.

"Semvua, tangu nizaliwe sijaona mtu akimpenyezea unyoya kuku anayetaga. Tumekuja kuuliza kama koo huyu anaatamia, kumbe jibu umelitundika wewe mwenyewe puani mwake. Rudisheni mashoka."

"Lakini nilimfanyia kila kitu!" Semvua alipaza sauti, upole wake umekwisha. "Maji, kamba, unyoya! Kuku gani huyu asiyetoka?"

"Ulimfanyia kila kitu, ni kweli," alijibu Nakundwa. "Lakini unyoya wa puani haumtoi koo kiotani. Nami ni hivyo hivyo, shemeji. Sitoki."

"Vifaranga watakua. Nitarudi."

"Rudi. Utanikuta."

Ndipo Nakundwa alipochutama, na safari hii koo akamwacha auchomoe unyoya. Wiki iliyofuata vifaranga watano walitotolewa. Walipokwisha kuachana na mama yao, Semvua alirudi kama alivyoahidi, akachungulia nyuma ya mtungi. Koo mweusi alikuwa kikapuni, akilalia mayai kumi na moja. Karibu na mlango, katika tenga jipya, mtetea wa Bi Nanzia naye alikuwa anaatamia.

"Vipi, shemeji," Nakundwa alimuuliza, huku akilichukua jembe lake kwenda migombani, "leo hukuja na ndoo?"

Nyumba ile haikubomolewa. Na wanawake wa Vughoma, kila walipoambiwa kwamba jambo fulani haliwafai, au kwamba wakati wao wa kupumzika umefika, hawakubishana sana. Walisimama palepale walipokuwa, wakainua vichwa, wakajibu: unyoya wa puani haumtoi koo kiotani.